Gharama za kumtunza mzee kwa miaka, na namna ya kutoipoteza nyumba wala shamba

Nyumba ya mzee huuzwa kwa hasara kubwa kuliko zote pale inapouzwa mwenyewe akiwa wodini. Watoto wamekusanyika, gharama zimetajwa, mmoja wao ana mteja mwenye fedha mkononi, na kabla ya magharibi mkataba umeandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa bei ambayo mwezi uliopita kila mmoja angeikataa. Kisha mzee anatoka hospitali ya Kitete, anarudi nyumbani na anaishi miaka mingine sita. Fedha ya nyumba imekwisha mwaka wa kwanza, na matunzo yanadaiwa kila mwezi kama kawaida.

Msimamo wangu ni huu: mali ya mzee ni ya kumtunza mzee kwanza, na njia ya kuilinda ni kuifanya izalishe fedha ya matunzo ikiwa bado kwa jina lake. Kuihamisha haraka kwenda kwa mtoto "ili isipotee" ndiko kunakoipoteza mara nyingi.

Niseme neno kuhusu ushauri unaosambaa mitandaoni kwamba mzazi ahamishe nyumba miaka mitano kabla hajaugua. Ushauri huo umetoka Marekani. Kule mpango wa serikali unaoitwa Medicaid hulipia makazi ya wazee wasio na mali, na kabla ya kumkubali mtu huchunguza alichogawa katika miezi 60 iliyopita. Kwetu Tanzania hakuna mpango wa kulipia familia matunzo ya mzee wa nyumbani, kwa hiyo hakuna uchunguzi wa kuukimbia. Makazi ya serikali kama yale ya Ipuli hapa Tabora yamewekwa kwa wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza. Mzee mwenye nyumba, shamba na watoto watano hatunzwi huko. Anayemhamishia mtoto nyumba kwa ushauri wa Wamarekani amejivua kinga yake na hajapata kitu badala yake.

Hesabu kwanza, kikao baadaye

Familia nyingi hukaa kikao bila hata karatasi moja ya hesabu, ndiyo maana kikao kinageuka ugomvi wa nani anampenda mama zaidi. Anzeni na gharama ya mwezi. Nachukua mfano wa mzee aliyepooza upande mmoja, anayeishi mjini. Bei, kwa shilingi, ni za mfano tu, weka za dukani kwako:

Msaidizi wa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza, 150,000. Pampasi za watu wazima nne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi, kwa 1,500 kila moja, 180,000. Dawa za presha na sukari, 40,000. Uji wa lishe, maziwa, matunda na samaki, 90,000. Sabuni, glavu, mafuta ya ngozi na maji, 40,000. Jumla ni 500,000 kwa mwezi, milioni sita kwa mwaka.

Sasa mapato. Mzee ana nyumba ya kupangisha Isevya, vyumba sita kwa 40,000 kila kimoja. Kwenye karatasi ni 240,000, lakini msiandike hivyo. Hesabuni chumba kimoja kuwa kitupu, inabaki 200,000, kisha tengeni sehemu ya kumi ya matengenezo, inabaki 180,000. Ekari tano za mpunga zinakodishwa kwa 80,000 ekari kwa msimu, ni 400,000 kwa mwaka, kama 33,000 kwa mwezi. Pensheni 150,000. Jumla 363,000. Pengo ni 137,000, na kwa watoto watano ni 27,400 kila mmoja.

Tazama sasa kinachotokea wakiuza nyumba ya Isevya kwa milioni 25 ili wasichange. Kodi ya 180,000 imekwenda na nyumba, kwa hiyo fedha ya mauzo inaliwa kwa 317,000 kila mwezi na kwisha baada ya takriban miezi 79. Katika miezi hiyo hiyo 79, michango yote ya watoto ingekuwa kama milioni 10.8. Yaani wamekwepa kuchanga milioni kumi na kidogo, na wamepoteza nyumba ya milioni 25. Na hapo nimedhani kwamba milioni 25 zilikaa benki bila mtu kuzigusa, jambo ambalo ni nadra.

Kodi za wapangaji hapa hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu au sita. Hapo ndipo mapato yanapoponyoka: fedha ya miezi sita ikiingia Januari, Machi haipo. Igaweni siku hiyo hiyo inapoingia, mafungu sita, na kila mwezi litolewe fungu moja tu. Mpunga nao usiuzwe wote mwezi wa mavuno. Wanaouza Juni huuza wakati kila mtu anauza. Magunia yaliyokauka vizuri na kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, huwa na bei nzuri zaidi Januari mpaka Machi. Kwa ng'ombe ni kinyume, ukisubiri sana unaumia. Auzwe baada ya masika akiwa amenenepa, sio Oktoba mbavu zinaonekana. Waanze madume na maksai, mitamba ibaki.

Kabla ya kufikiria kuuza chochote, punguzeni gharama. Mzee anayeweza kukaa, akiwekwa kwenye kiti chenye tundu na ndoo kila baada ya saa mbili mchana, pampasi zinaweza kushuka kutoka nne hadi mbili. Hiyo ni 90,000 imeokolewa, na ngozi yake inapona. Asiyeweza kukaa ageuzwe kila saa mbili, usiku pia, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kidonda cha mgandamizo, yaani cha kulalia sehemu moja muda mrefu, kikifunguka kwenye kiuno au kisigino, kusafisha, bandeji, antibayotiki na pengine kulazwa kunaweza kula fedha ya miezi kadhaa. Mashamba mengi yameuzwa kwa sababu ya kidonda ambacho kingezuiwa na ratiba ya kumgeuza iliyobandikwa ukutani.

Mali iko kwa jina la nani, na kwa karatasi gani

Hapa pana kazi, na ifanywe mzee akiwa bado anazungumza.

Orodhesheni kila kitu: kiwanja na namba yake, nyumba, shamba na mipaka yake na majirani wa pande zote nne, ng'ombe walioko zizini na wale waliokabidhiwa watu wengine, akaunti, laini za simu, hisa za chama cha ushirika, madeni anayodai na anayodaiwa. Ng'ombe waliokabidhiwa hupotea kuliko mali yoyote, kwa kuwa wanaojua ni mzee na aliyewachukua tu. Andikeni jina la mchungaji, kijiji, idadi, rangi na makubaliano ya ndama, mchungaji atie dole mbele ya mtendaji.

Kisha pangeni mafungu matatu. Kuna mali yake mwenyewe, mali waliyochuma na mwenza wake, na mali ya ukoo ambayo yeye ni mlinzi tu. Kuchanganya mafungu haya ndiko kunakozaa kesi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwenza anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mwenye wake wawili, ridhaa ya mke anayeishi kwenye nyumba hiyo ndiyo inayohusika kwanza. Mtoto akisema "mama ameshakubali," mama mwenyewe atie saini. Na kama ndoa ilifungwa zamani bila cheti, kiapo kifanywe sasa, mashahidi wa harusi wangali hai.

Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa inaonyesha kwamba mliuziana. Sio hati. Kwa shamba la kijiji kinachohitajika ni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kuihamisha kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Kwa kiwanja chenye hati, angalieni muda wake. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 aliyopewa mzee mwaka 1990 imeshamaliza muda wake 2023, na familia inaweza kuwa bado inaitunza sandukuni ikiamini iko salama. Nendeni ofisi ya ardhi kuomba kuihuisha, na mlipe malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi kwa namba ya malipo, maana deni hilo hukua kila mwaka na mwishowe linaweza kumgharimu mtu miliki yake.

Majina nayo ni shida kubwa kwa wazee wetu. Hati inasema Kasanda Juma, kitambulisho cha NIDA kinasema Juma Kasanda Hamisi, kitabu cha pensheni kinasema Hamisi Juma. Mzee akiwa hai kiapo kimoja cha majina kinamaliza jambo. Akishafariki, mrithi atazungushwa miezi.

Anayekodisha shamba la mzee apewe mkataba wa msimu mmoja, ulioandikwa ekari, bei, tarehe ya kuondoka na kwamba haruhusiwi kupanda miti wala kujenga. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 kisheria. Mtu aliyelima miaka mingi bila karatasi, amepanda miembe na kuchimba kisima, atakusumbua hata kama mwishoni utashinda.

Kwa wakulima wa tumbaku kuna mtego wa pekee. Mzee amelala kitandani, lakini mtoto anaendelea kulima kwa jina lake kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kwa sababu uanachama na akaunti ni vya mzee. Mbolea na madawa yamekopwa kwa jina hilo. Msimu ukiharibika au mabani ya kukaushia tumbaku yakiungua, deni ni la mzee, na fedha yoyote inayoingia kwenye akaunti yake hukatwa kwanza. Hamishieni kilimo kwa jina la anayelima kabla ya msimu wa kuchukua pembejeo.

Nani atie saini mzee asipoweza

Mzee mwenye akili timamu lakini miguu haina nguvu anaweza kumpa mtoto hati ya uwakilishi, iliyoandaliwa na wakili, ya kukusanya kodi, kwenda benki na kufuatilia ardhi. Iandikwe wazi kwamba haimpi mamlaka ya kuuza wala kuweka rehani, na kama inahusu ardhi iliyosajiliwa isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Watu wengi hawaambiwi kwamba hati hiyo hukoma mzee akipoteza akili, na hukoma akifariki. Mtoto anayeendelea kuitumia wakati baba hamtambui tena mwanawe anafanya miamala ambayo ndugu yeyote anaweza kuibomoa mahakamani. Akili ikishaondoka, njia ni kuomba mahakama imteue msimamizi wa mali zake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Inachukua muda, kwa hiyo iombwe mara daktari anapothibitisha hali, sio siku ada ya hospitali inapodaiwa.

Benki, fungueni akaunti ya matunzo yenye watia saini wawili, na mmoja asiwe yule anayeishi na mzee. Simsemi vibaya anayeishi naye. Yeye ndiye anayebeba mzigo, na ndiye wa kwanza kushukiwa. Saini ya pili inamlinda. Namba ya siri ya simu ya mzee isigeuke mali ya wajukuu. Kodi ziingie benki, na kwenye simu iachwe fedha ya wiki tu. Mstaafu ahakikiwe kila anapotakiwa na mfuko wake, kwa sababu muda wa uhakiki ukipita bila yeye kuhakikiwa pensheni husimama. Alama za vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote mara nyingi hazisomeki kwenye mashine, kwa hiyo jambo hilo lishughulikiwe mapema.

Hiba, wosia, na mtoto anayetunza

Mara nyingi mzee husema, nyumba hii nampa huyu anayenihudumia. Ni haki yake, na mara nyingi ni uadilifu. Lakini akitoa yote leo, kesho anaishi kwa hisani. Kama lazima atoe hiba, yaani zawadi ya mali akiwa hai, hati iseme kwamba ataishi humo na kupokea kodi mpaka mwisho wa maisha yake, na haki hiyo isajiliwe pamoja na hiba yenyewe. Mwenza aridhie kwa maandishi. Daktari aandike barua, tarehe ile ile, kwamba mzee anaelewa anachokifanya. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, Kinyamwezi au Kisukuma, na aliyesoma aandike jina lake. Kwa Waislamu, hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: haivuki theluthi, na kwa mrithi haipiti mpaka warithi wengine waridhie. Hiba za kitandani huanguka kwa sababu hiyo.

Wosia hausaidii kulipia matunzo, ila unazuia watoto kupora mapema kwa hofu ya kunyimwa baadaye. Kwa wanaofuata mila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wawili, na wa asiyejua unahitaji wanne, wa ukoo na wasio wa ukoo. Warithi wasiwe mashahidi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hutunza wosia, na huko ni salama kuliko chini ya godoro.

Ikibidi kuuza

Wakati mwingine hakuna njia. Basi uzeni kwanza kisichoingiza kitu: kiwanja kitupu kinachodaiwa pango kila mwaka, pikipiki iliyolala, madume ya ng'ombe. Nyumba ya kupangisha iwe karibu na mwisho, na nyumba anayolala mzee iwe mwisho kabisa. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa, hata kama mteja ni jirani mwema. Fedha zipite benki, moja kwa moja kwenye akaunti ya mzee. Kumbukeni kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ingawa makazi aliyomiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa faida isipozidi milioni 15. Ulizeni Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu mnunuzi mjanja atataka ninyi mlipe kila kitu.

Kukopa kwa dhamana ya nyumba ili kulipia matunzo sikushauri hata kidogo. Matunzo hayarudishi fedha, kwa hiyo hakuna kitakacholipa mkopo. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ndiyo mibaya zaidi: mkopeshaji anachukua hati, anaandika mkataba wa mauziano badala ya mkopo, na siku ya marejesho ikipita anakuja kama mnunuzi.

Yapunguzeni pia yale ya hospitali. Sera yetu inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo. Utaratibu huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na kumalizikia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anayetoa kitambulisho. Mzee mwenye mali asisukumwe kwenye msamaha huo, kuna wanaouhitaji kweli. Yeye akatiwe bima. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulianza kwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa hiyo ulizeni kituoni mchango na kifurushi cha sasa, hasa kama kinavuka mkoa, maana rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ni nauli, malazi ya msindikizaji na vipimo. Tengeni gharama za miezi mitatu kwa ajili hiyo, zisiguswe kwa harusi wala ada.

Daftari

Nunueni kaunta buku moja. Safu tano: tarehe, kitu, kiasi, aliyelipa, namba ya risiti. Kila mwisho wa mwezi ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la familia, hata kama hakuna atakayesoma. Asiyekuwa na fedha achangie siku zake, nazo ziandikwe. Binti anayelala na mama mwaka mzima amechanga kuliko kaka wa Dar es Salaam anayetuma 30,000, na daftari lionyeshe hivyo kwa mizani mliyokubaliana tangu mwanzo, tuseme siku moja ni sawa na shilingi 5,000.

Mkikubaliana kwamba mtoto fulani anakopesha, atarudishiwa kutoka kwenye mali, andikeni kwenye muhtasari wa kikao siku hiyo hiyo, wote watie saini, na mzee mwenyewe kama anaweza. Bila maandishi, kila alichotoa kitahesabiwa kuwa ni wajibu wa mtoto kwa mzazi. Ikifika mirathi, Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu, na madeni hulipwa kabla ya mgao. Deni la matunzo liingizwe kwenye orodha hiyo likiwa na muhtasari, kurasa za daftari na risiti zake. Risiti za mashine za EFD hufutika wino ndani ya miezi, kwa hiyo zitolewe fotokopi wiki ile ile.